Ukuta Uliokunywa Dizeli

Wenzangu mliobaki kazini mmenitaka niandike habari za miaka yangu pale makumbusho ya Njombe, na mkanionya nisijaze karatasi kwa mambo ya vyeo. Hamkuwa na haja ya kunionya. Nilianza nikiitwa fundi umeme, nimestaafu nikiitwa msimamizi wa jengo, na katikati hapo ngazi nilizopanda sana zilikuwa za mbao. Nitaandika juu ya jengo lenyewe na ule msimu wa baridi tuliokaribia kulipoteza.

Jengo mnalijua, ila mnalijua likiwa zima. Mjerumani alilijenga kwa matofali ya kuchoma, kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha asianguke. Mwingereza akalifanya mahakama. Baada ya uhuru likawa ghala la vitabu vya shule, kisha ofisi ya watu ambao hakuna anayekumbuka walikuwa wakifanya nini, mwishowe likawa makumbusho ya watu wa nyanda hizi. Ndani mlikuwa na mikuki, vinu, nguo za magome ya miti, mivukuto ya ngozi ya wahunzi wa Kikinga, na ngoma moja kubwa ya mtwa, yaani chifu. Juu ya yote hayo palikuwa na baridi. Mtu wa pwani akisikia Tanzania ina mahali panapoanguka jalidi hudhani unamtania, mpaka alale Njombe mwezi wa saba.

Mimi ni mzaliwa wa Mdandu, kwa hiyo baridi haikunishangaza. Kilichonishangaza siku ya kwanza ni Fundi Alois. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa jengo wakati huo, mwashi aliyefundishwa na mabruda wa misheni, mfupi, mwenye viganja kama majembe. Nilifika na mkoba mpya wenye bisibisi, koleo, testa na gundi ya nyaya, nikitoka chuoni, msichana peke yangu katika darasa zima, na nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ya kujitetea. Sikuipata nafasi ya kuitoa.

“Kamwene, mwanangu,” akanisalimia kwa lugha ya kwetu. “Weka huo mkoba chini. Nje mvua inanyesha. Kalizunguke jengo, uje uniambie maji yanakwenda wapi.”

“Baba, mimi ni fundi umeme.”

“Na umeme unakaa wapi? Si ndani ya jengo?”

Nikazunguka. Nilirudi nimelowa mpaka soksi, nikamwambia gata la upande wa mashariki limetoboka na maji yanashuka pale pale ilipo bodi ya swichi. Akaenda kuniletea ngazi. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira, na mpaka leo nikiingia jengo nisilolijua hutazama gata kwanza, halafu nyaya.

Alois alinifundisha mengi ambayo si ya umeme. Alinifundisha kwamba mlango unaogoma kufunga hauna kosa, msingi ndio umehama. Alinifundisha kupiga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Timazi yake aliifunga katika kitambaa cha fulana na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwiko wake ulikuwa umebadilishwa mpini mara nyingi hata sijui kama bado ulikuwa mwiko ule ule. Lakini fahari yake kubwa ilikuwa plasta ya nje. Miaka michache kabla sijafika, enzi saruji ilipokuwa inapatikana kwa kibali na kwa kujuana, makumbusho yalipata mgao mzuri, na Alois akaongoza kazi ya kulivika jengo plasta ya saruji toka juu mpaka chini. Ilinyooka kama karatasi. Mgeni yeyote aliyefika alipelekwa kwanza kuuona ukuta wa Alois, ndipo akaingia ndani kuona mikuki.

Saruji ilimwishia upande mmoja tu, nyuma, kwenye chumba kidogo tulichoweka madumu na mifagio. Pale matofali yalibaki wazi na chokaa yake ya Kijerumani. Alois aliona aibu, akapanda kichaka cha maua mbele yake ili watu wasipaone.

Ugonjwa wa jengo ulikuwa unyevu. Kila msimu wa baridi ukungu mweupe uliota juu ya ngozi za mivukuto, mikuki ikashika kutu, ngoma ya mtwa ikalegea hata ukiipiga inajibu kama godoro. Dawa tuliyoikuta ilikuwa hita za umeme, kubwa, nyekundu kama jiko la mkaa, kila chumba moja. Umeme wa mji wakati ule ulikuja kwa zamu, kwa hiyo hita zilitegemea jenereta yetu, na jenereta ilitegemea mapipa ya dizeli yaliyoletwa na serikali kupitia Makambako. Asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuliwasha lile jitu, na lilikuwa na hasira za asubuhi kama mtu. Hakuna aliyeuliza linakula kiasi gani. Wenye kulilisha hatukuwa sisi.

Ikaja miaka ya ruksa. Ninyi vijana mmeikuta imekwisha kuwa kawaida, hamwezi kujua ilivyokuwa kuamka na kukuta sabuni dukani. Makambako, pale njia panda, palifumuka: mitumba, redio, baiskeli, vyerehani, malori ya kwenda kila upande. Kila kitu kilipatikana ila kile ulichokuwa umezoea kupewa. Dizeli ya serikali ikapungua, ikachelewa, ikakoma. Tukaambiwa kila taasisi ijitegemee.

Hapo tulikuwa tumeletewa mhifadhi mpya, Bi. Zuhura, mwanamke wa Tanga mwenye elimu yake, aliyevaa sweta mbili na kanga juu yake na bado akatetemeka. Aliwapenda wale wahunzi wa Kikinga kuliko sisi tuliozaliwa jirani nao. Aliongea na vile vitu. Nilimkuta siku moja akiufuta mvukuto ukungu kwa brashi ya kunyolea, akiuambia, “Vumilia, bwana, vumilia.”

Bwana mmoja wa makao makuu akaja kutuambia mpango. Alikaa ofisini na koti lake jembamba la Dar es Salaam, mikono katikati ya mapaja, akasema kwa upole kabisa kwamba vitu haviwezi kuachwa vioze. Kama msimu ujao wa baridi tungeshindwa kuvitunza bila dizeli, vingehamishiwa Dar es Salaam, na jengo lingekodishwa kwa mfanyabiashara, maana ndivyo wakati ulivyo.

“Na vikifika huko vitawekwa wapi?” Bi. Zuhura akamwuliza.

“Stoo, kwa sasa.”

Alipoondoka yule bwana, Bi. Zuhura akaniambia, “Skola, mimi stoo ya huko naijua. Kitu kikiingia hakitoki. Tufanye nini?”

Nilimwambia tuanze na vinavyoonekana. Nikazunguka na ngazi. Nilikuta vyumba vina globu kubwa zinazowaka mchana kutwa zikiwaangazia wageni ambao hawapo. Nikaziondoa nyingi na kuweka swichi mlangoni, tukafungua madirisha ya mbao na kutundika kitambaa cha marekani ili jua liingie bila kuchoma vitu. Nikaziba nyufa za milango kwa vipande vya blanketi. Kwenye mlango mkubwa tukatundika pazia zito la mablanketi mawili yaliyoshonwa pamoja, na kwa wiki nzima wazee waliofika walisimama nje wakibisha hodi kwenye blanketi.

Kisha dari. Juu ya mbao za dari palikuwa patupu, joto linapanda na kwenda zake kwenye mabati. Nikapendekeza manyoya ya kondoo. Kule Makete kulikuwa na wafugaji, na manyoya hushika joto vizuri. Nilijiona nimepata. Bi. Zuhura alinitazama kama niliyependekeza kufuga fisi ndani.

“Manyoya yanaleta nondo, mwenzangu. Nondo wakimaliza dari watashukia wapi? Kwenye ngozi zangu.”

Nikasema basi maranda ya mbao, maana kila mwenye msumeno alikuwa akiyachoma moto. Alois akasema maranda na nyaya za zamani ni moto unaosubiri kualikwa, na alisema kweli. Mwishoni tukatandika mikeka ya mianzi na juu yake udongo mwembamba uliochanganywa na majani, kama dari za nyumba za baridi za Ukinga. Kazi hiyo Alois aliipenda, akaimba siku zote alizokuwa juu kule.

Vyote hivyo vilisaidia. Jenereta, iliyobakiwa na mapipa machache, ilikula kidogo kuliko zamani. Lakini hita zikizimwa tu, ukungu ulirudi kana kwamba ulikuwa umetoka kwenda chooni.

Ndipo akaja Mzee Salum kulitazama jengo kama linamfaa kwa ghala. Alikuwa na malori Makambako, mtu wa Tabora aliyehamia huku na kuoa huku, mwenye kofia safi na maneno taratibu. Tulikuwa tumepanga kumchukia. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, akapita vyumba vyote, na kila alipofika aliweka kiganja ukutani. Kwenye chumba cha ngoma alikaa na mkono wake pale kwa muda.

“Mama,” akamwambia Bi. Zuhura, “sitakuficha. Mimi humu siweki mahindi. Yataota kabla sijayauza. Nyumba hii imelowa kwa ndani.”

“Ni ukungu wa Njombe, mzee,” nikasema.

“Ukungu wa Njombe upo hata kwangu Makambako. Ghala langu ni la tope, tena halilowi.” Akacheka kidogo. “Ninyi mnakausha hewa. Aliyelowa ni ukuta.”

Alipokwenda, Bi. Zuhura alichukua kipima unyevu chake, saa ndogo ya duara aliyokuwa akiitundika katikati ya chumba, akakipeleka karibu na ukuta. Akahama nacho chumba hadi chumba kwa siku kadhaa. Kisha akaniita kwenye kile chumba cha madumu na mifagio.

“Hapa hapajawahi kuwekwa hita?”

“Hapana.”

“Ukungu umewahi kuota?”

Nikatazama. Mifagio ilikuwa mikavu. Magunia yalikuwa makavu. Kulikuwa na kiatu cha ngozi cha mtu aliyekufa zamani, kikavu kama samaki wa kuanikwa. Nikajua anakokwenda, na nikatamani asifike.

“Huku ndiko saruji ilikomwishia Alois,” nikasema.

“Ndiyo. Matofali haya na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikipita, ukuta unapumua, unakauka. Tukaja tukauvika koti la mpira. Maji yanapanda kutoka chini, yanaingia kwenye nyufa, hayana pa kutokea ila ndani kwetu. Miaka yote hii dizeli tumeinywesha ukuta. Itabidi plasta ivuliwe. Yote.”

Hakuna aliyelitaja jina la Alois tena. Baadaye, tukiwa tunafunga milango, akaniambia, “Nikimwambia mimi ataona mtu wa Tanga amekuja kumtukana kwake. Wewe ni mwanawe.”

Nilikwenda nyumbani kwa Alois Jumapili baada ya misa. Nilimkuta amekaa nje na kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, mkewe akimenya viazi. Nilizungumza juu ya mahindi. Nilizungumza juu ya barabara. Mkewe akaingia ndani, wanawake hujua. Mwishowe nikasema, na nilisema vibaya, mbio mbio, nikianza na habari za kupumua kwa matofali kama niko darasani.

Alisikiliza mpaka mwisho. “Nani amesema?”

“Bi. Zuhura. Na mimi naona hivyo, Baba.”

“Ukuta ule nimeupiga timazi kila hatua.”

“Ukuta umenyooka. Hakuna anayesema haukunyooka.”

“Basi mnasema nini?” Aliinuka. “Mnasema nimeiua nyumba. Nendeni mkaibomoe. Mimi nina shamba.”

Siku zilizofuata alikuja kazini, akasaini, akafanya kazi zake, na salamu yake kwangu ilikuwa ya mtu anayelipa nauli. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Baba yangu mzazi alifariki ningali mdogo. Sikuwa na mazoea ya kuwa nimemuudhi baba.

Tulifungua kipande kimoja, kidogo, nyuma ya tangi la maji. Alois hakuitwa, lakini alikuja akasimama mbali, mikono mgongoni. Nilipiga tindo, plasta ikatoka kipande kizima, ngumu, safi kama sahani. Nyuma yake tofali lilikuwa limegeuka rangi. Nililigusa, kidole kikaingia. Alois akasogea. Akanisukuma taratibu kwa bega, akaingiza mkono wake wote, akatoa tonge la tofali bichi kama ugali wa kupikwa haraka. Akalitazama. Akanawa mikono tangini, akaondoka kabla ya saa za kazi kuisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hakuonekana kwa siku kadhaa. Mkewe alisema yuko shambani. Sisi tukaanza kuulizana kama tutaweza kuivua plasta ile bila kuvunja matofali, na jibu la kweli lilikuwa hapana, maana hakuna mwingine aliyejua pa kupiga.

Kisha asubuhi moja, wakati nagombana na jenereta, nikasikia nyundo. Alikuwa juu ya jukwaa upande wa barabarani, upande ule ule wa wageni, ambako watu wote wapitao sokoni wangemwona. Alikuwa ameanzia juu, anashuka pole pole, anapiga tindo kwa pembe, kipande kinalegea, anakipokea kwa kiganja na kukiweka chini kama yai.

Nilikwenda nikasimama chini ya ngazi. “Kamwene, Baba.”

“Kamwene.” Aliendelea kupiga. “Kama ni kuvuliwa, nivue mwenyewe. Ninyi mngeichuna nyumba ngozi.” Baada ya muda akasema, “Bruda aliyenifundisha alikuwa akipaka chokaa tu. Tulimcheka. Tukasema saruji ni ya wakati wetu.”

Nikamuuliza niwashe jenereta au niache.

“Acha. Njoo ushike ngazi.”

Chokaa ilitoka upande wa Mbeya, na aliyeileta ni Mzee Salum. Alisema lori likirudi tupu linamuuma moyoni, na kwamba ukuta ule umemfanya ajione mtaalamu, lazima aone mwisho wake. Tuliichimbia shimo nyuma, tukailoweka, ikachemka yenyewe kama uji, watoto wa shule wakaja kuitazama kwa wingi kuliko walivyowahi kuja kutazama mikuki. Alois alitukataza kuigusa mpaka ipoe na kukaa ilainike. Halafu akaichanganya na mchanga wa mtoni, akaipaka nyembamba, tabaka juu ya tabaka, akirushia maji ili isikauke kwa pupa. Mikono yangu ilichubuka. Bi. Zuhura naye alipaka, sweta zake mbili zikawa nyeupe. Tukachimba mfereji kuzunguka jengo ili maji ya mvua yasikae miguuni pake.

Nawaambia kwa ajili ya kazi: ukuta mnene haukauki kwa haraka. Msimu ule wa baridi ulipoingia, bado ulikuwa unatoa maji. Jenereta tuliiwasha siku zile mbaya tu, na hita tukaziweka kwenye chumba cha ngozi peke yake. Kila asubuhi Bi. Zuhura alipita na kipima unyevu chake, na sisi tulimtazama usoni kama jamaa wa mgonjwa wanavyomtazama daktari. Uso ulianza kutulia mwezi wa saba, wakati ambao miaka yote ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Ukungu uliota kidogo kwenye mvukuto mmoja, akaufuta, haukurudi.

Yule bwana wa makao makuu alifika mwishoni mwa baridi, safari hii na koti la kufaa. Akapita chumba baada ya chumba. Akaipiga ngoma ya mtwa kwa vidole, nayo ikamjibu sawasawa, mpaka akarudisha mkono nyuma. Akauliza, “Mmenunua mashine gani?”

Bi. Zuhura akamwelekeza kwa Alois, aliyekuwa mlangoni na mwiko wake.

“Hatukununua,” Alois akasema. “Nilikuwa nimeifunga nyumba pumzi. Nimeifungua.”

Alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi mezani. Vitu vilibaki Njombe. Jenereta ikawa ya dharura, kuku wa mlinzi wakawa wanalala juu yake.

Bi. Zuhura alihamishwa miaka kadhaa baadaye, akaenda na blanketi letu moja. Mzee Salum alileta wajukuu zake kila sikukuu ya Idi na kuwaonyesha ukuta kabla ya mikuki. Alois alistaafu, akanikabidhi funguo na timazi ikiwa ndani ya fulana yake, akafariki akiwa mzee wa kushiba siku. Padri alipouliza alikuwa mtu gani, nilimwambia alikuwa mwashi. Nilidhani linatosha.

Mwaka wangu wa mwisho kazini niliombwa kwenda Iwawa, kule Makete, kutazama jengo la zamani lililokuwa linatakiwa kufanywa chumba cha historia ya wilaya. Walisema lina unyevu, wanafikiria kununua hita. Nilifika asubuhi, jalidi bado liko kwenye majani ya viazi. Jengo lilikuwa linang'aa kwa plasta mpya ya saruji, imenyooka vizuri sana. Nikaweka kiganja ukutani upande wa ndani, nikakiacha pale.

Mhandisi wao alikuwa kijana mmoja mwenye adabu. Alinipokea mkoba, akaniletea chai, akasimama kando yangu akiutazama ule ukuta jinsi mtu anavyomtazama mwanawe wa kwanza akienda shule.

“Plasta hii ni ya nani?” nikamuuliza.

“Ni kazi yangu, mama,” akasema. “Niliisimamia mwenyewe.”

Nikamwomba viti viwili. Nikamwambia kwanza imenyooka, maana ilikuwa imenyooka, na mtu anastahili kuambiwa hilo. Kisha tukakaa.